Bahasha za Ukutani

Kila Jumamosi asubuhi, Lobke Hoving alipiga pasi skafu yake ya skauti juu ya meza ya jikoni, akapaka viatu vyake rangi, kisha akaanza kubishana na mama yake kuhusu nguo. Mama alitaka avae nyingi. Lobke alitaka kuvaa kama wavulana. Jumamosi ile ya Novemba mama alishinda nusu tu: sweta la pili, lile la kijani la sufu nzito linalowasha shingoni, halikuvaliwa, lakini liliingia kwenye shanta.

"Hulihitaji, nimesikia," mama alisema. "Basi libebe hivyo hivyo, ukiwa hulihitaji."

Lobke alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kijiji chao, Wolderveen, kilikuwa kaskazini mwa Uholanzi, pale nyumba zinapokwisha na kinamasi kinapoanza. Kundi la skauti la kijiji lilikuwapo tangu kabla ya vita, nalo lilikuwa la wavulana peke yao. Wakubwa wa mjini walipoamua kwamba vyama vya wavulana na vya wasichana viwe kimoja, wazazi wa Wolderveen waligombana hadi kahawa ikaisha kwenye birika. Babu Tjeerd, mwenyekiti wa kundi, alisema wasichana watageuza kambi kuwa darasa la kushona. Mwisho wakakubaliwa. Waliingia wanne, watatu wakaacha kabla ya Pasaka kwa kuchoshwa na maneno. Lobke alibaki, na vuli ile akapewa kikosi cha Korongo akiongoze.

Msaidizi wake alikuwa Jelmer, mvulana wa rika lake aliyekuwa na hakika kwamba cheo kile ni chake. Hakumwita Lobke kwa jina. Alimwita bibi mkubwa. Wa tatu alikuwa Wietse, mwenye miaka kumi na mmoja, mwembamba, mpya kabisa, ambaye bado alifungiwa skafu na wenzake.

Siku ile ilikuwa siku ya safari ya Novemba. Kila kikosi kilipakiwa kwenye gari lisilo na madirisha, kikashushwa mbali kinamasini, kikapewa dira na maelekezo, kisha kikatakiwa kirudi kwa miguu kabla ya giza. Kiongozi wa kikosi alipewa bahasha ya dharura iliyofungwa kwa lakiri, nta nyekundu ya muhuri. Ndani, watoto waliambiwa, mna ramani na alama ya mahali pa kupata msaada. Aliyerudi nayo bila kuifungua alitundikiwa ukutani katika kibanda cha kundi, jina lake chini yake. Ukuta mzima ulijaa bahasha. Hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa, na watu wa Wolderveen walilisema hilo kama watu wengine wasemavyo habari za kombe la mpira.

Kaka Rutger, kiongozi wa kundi, alimkabidhi Lobke bahasha yake na kumwonyesha msumari mtupu ukutani. Alisema msumari ule unamsubiri msichana wa kwanza.

"Mikono ikikuwasha, bibi mkubwa, niachie mimi nikushikie," Jelmer alisema, na kikosi cha pili kikacheka.

Saa ya kwanza ilienda vizuri. Walitembea, wakala mkate wao mweusi kwa jibini bila kusimama, wakagawana pipi nyeusi za chumvi. Kisha wakafika kwenye mfereji wenye ubao mmoja wa kuvukia. Ubao ulikuwa na ukoga. Lobke akavuka, Jelmer akavuka, Wietse akateleza na kuzama hadi kifuani.

Walimvuta. Alikuwa akicheka, akasema hana neno. Lobke alitaka Wietse asimame abadili nguo, lakini Jelmer alisema Korongo hawasimami kwa sababu ya suruali mbichi, na Lobke akaona aibu kuonekana mlezi wa watoto. Akasema waongeze mwendo, Wietse atapata joto njiani.

Lile ndilo kosa lao la kwanza, nanyi mnaosoma lishikeni: nguo mbichi kwenye upepo hazipashwi joto kwa kutembea. Zinakunyonya joto ulilo nalo.

Ukungu ulishuka. Kwanza miti ikapotea, halafu vichaka, halafu hata miguu yao wenyewe ikawa kama ya watu wengine. Dira ilionyesha upande, lakini mbele ya kila upande palikuwa na dimbwi la kuzunguka, na kila walipozunguka walipotea zaidi. Mwishowe walikuta nyayo za viatu vitatu kwenye tope, wakafurahi, mpaka walipoona ni nyayo zao.

Wietse alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana. Kisha akaanza kujikwaa. Kisha akaacha kutetemeka, na Jelmer akasema afadhali, sasa amezoea. Lobke akajua si afadhali. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza walifundishwa kwamba anayetetemeka bado anapigana na baridi. Anayeacha huku bado amelowa ameanza kushindwa.

Akatoa bahasha.

"Usifungue," Jelmer alisema, na safari hii hakuwa akimtania. Alikuwa akiomba. "Lobke, tafadhali. Watasema walijua tangu mwanzo. Watakusema wewe, halafu watanisema mimi niliyekuwa chini yako."

Lobke aliifikiria ile lakiri nyekundu. Alimfikiria Babu Tjeerd na darasa lake la kushona, na wale wasichana watatu walioacha, na msumari. Akairudisha bahasha mfukoni. Akasema twende mpaka kile kichaka, tukikosa njia nitafungua. Walipofika kichakani akasema mpaka kile kingine.

Kwenye kichaka cha tatu Wietse aliketi chini. Walimwinua, akaketi tena. Aliuliza kwa ulimi mzito kama mama yake ameshaepua supu. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake, akasema joto limezidi humu ndani.

Lobke aliivunja lakiri kwa meno.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande cha gazeti. Aligeuza upande wa pili. Kilikuwa tangazo la viazi vya mbegu. Akaikung'uta bahasha, akaichana pembe zote, akaingiza vidole. Hamkuwa na ramani. Hamkuwa na kitu.

Jelmer aliketi kwenye majani mabichi akalia kama mtoto mdogo. Lobke hakulia, wala si kwa ushujaa. Machozi hayakuja tu. Aliona wazi kabisa kwamba Wietse atakufa hapo mbele yake, na kwamba watu wazima waliomtuma hawakumpa chochote zaidi ya bei ya viazi.

Kisha akalikumbuka sweta la kijani.

Walimvua Wietse nguo mbichi zote. Wakamvisha sweta lile, lililomfika magotini, na soksi kavu za Jelmer, wakamfunika kichwa kwa kofia ya Lobke. Wakamlaza juu ya shanta zilizo tupu na kumzungushia turubai la kikosi. Wakati wa kuvuta turubai Lobke aliuona mfereji mwingine hapo karibu, na kando yake matete yaliyofyekwa, mashina yake bado meupe. Baba yake alifyeka ya kwao kila vuli, akinung'unika, maana asiyefyeka hutozwa faini.

"Jelmer, inuka. Tazama hayo matete. Kuna mtu ameyakata juzijuzi, na mtu huyo ana nyumba. Fuata mfereji yanakokwenda maji. Usiuache hata ukipinda."

"Na nikipotea?"

"Piga filimbi. Lakini usiuache."

Jelmer aliondoka bila soksi, na ukungu ukammeza kabla hajafika mbali.

Lobke aliingia ndani ya turubai, akajibana na Wietse kifua kwa mgongo. Alikuwa baridi kama samaki. Alimwuliza maswali: jina la mbwa wao, rangi ya baiskeli yake, nani anakaa mbele yake darasani. Wietse alijibu, kisha akajibu nusu, kisha akawa anavuta pumzi tu. Lobke aliendelea kuuliza na kujijibu mwenyewe. Kila baada ya muda alinyamaza asikilize ile pumzi, na kila mara ilichelewa kuliko awali. Alimwomba Mungu, na katikati ya maombi akajikuta anahesabu vichaka: kile cha kwanza, kile cha pili. Laiti angalimvua nguo mbichi kwenye kile cha kwanza.

Aliposikia ngurumo alidhani ni ya kichwani mwake. Ilikuwa trekta, na Jelmer juu yake.

Mwenye mfereji aliitwa Mama Geesje, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakumruhusu mtu kumsugua Wietse mikono wala kumsogeza kwenye jiko. Alisema mtu aliyepoa namna hii akikurupushwa, moyo wake unaweza kusimama. Nyumbani kwake alimlaza kwenye blanketi, akaweka chupa za maji ya uvuguvugu makwapani, na fahamu zilipomrudia vizuri akamnywesha maziwa yenye sukari kijiko kwa kijiko. Daktari alipofika alimpeleka hospitali. Kabla ya kupanda gari alimwangalia Lobke akasema sweta lile limefanya kazi kubwa, ila lingeifanya mapema ingekuwa rahisi zaidi kwa wote.

Kaka Rutger alikuja akiwa mweupe kama maziwa. Alimvuta Lobke kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, penye viatu vya mbao. Akatoa bahasha mpya, lakiri yake haijaguswa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mlijiokoa kwa mfereji, si kwa bahasha. Kwa hiyo ni kama hamkuifungua. Nipe ile uliyochana, hii itakaa ukutani na jina lako. Utakuwa msichana wa kwanza."

Lobke alimwuliza kwa nini ndani ya bahasha mlikuwa na gazeti.

"Hakuna anayezifungua," Rutger alisema, akitazama viatu. "Miaka yote hii hakuna. Niliona kuchora ramani ni kujisumbua."

"Zote?"

Rutger alisogeza kiatu kimoja cha mbao kwa ncha ya mguu.

Usiku Lobke alimweleza mama yake yote, pamoja na vichaka vitatu. Mama hakupiga kelele. Alilikunja sweta la kijani, akalikunjua, akalikunja tena. Wala hakumwambia la kufanya. Alimwuliza tu, "Na mwakani, nani ataibeba?"

Jumamosi iliyofuata kibanda kilijaa wazazi. Wietse alikuwa amesharudi nyumbani, na mama yake, Hilje, alisimama karibu na mlango bila kuvua koti. Babu Tjeerd alisema maneno ya shukrani na kuwasifu Korongo kwa kushika desturi hata katika shida. Lobke alitembea hadi mezani. Aliweka bahasha iliyochanika, na juu yake tangazo la viazi.

Alieleza kwa sauti ndogo. Alisema aliifungua, na kwamba aliifungua kwa kuchelewa, kwa sababu ya ukuta. Alisema pia aliombwa kusema hakuifungua. Hakumtaja aliyemwomba, lakini macho ya watu yalimwendea Rutger yenyewe.

"Mimi ndiye niliyemzuia," Jelmer alisema kutoka nyuma. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Kiongozi alitaka kufungua mapema."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kiongozi.

Babu Tjeerd aliinuka. Alivuta kiti, akapanda kwa shida, akaanza kutoa bahasha ukutani. Alizichana kwa kisu kidogo, moja moja, na kila moja aliiweka wazi mezani. Zile za zamani, alizozifunga mwenyewe, zilikuwa na ramani. Kisha likaja gazeti. Kisha gazeti. Kisha karatasi tupu. Wazazi wakaanza kuyasoma majina yaliyo chini ya misumari, maana kila jina lilikuwa la mtoto wa mtu pale ndani.

"Wangu alibahatika," Hilje alisema. "Mkawapa sifa watoto wenu kwa kubahatika."

Babu Tjeerd aliketi. Alionekana mzee kuliko alivyoingia.

"Wakati wa vita," alisema, "waliotutawala walipiga skauti marufuku. Bendera yetu niliifukia chini ya banda la kuku, tukala kiapo cha kunyamaza, kwa sababu aliyesema alitia wenzake hatarini. Vita viliisha. Sisi tukaendelea kunyamaza, tukawafundisha watoto kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Si kweli. Ahadi ya skauti ni kuaminika na kusaidia. Anayeomba msaada mapema hajaivunja. Anayetia gazeti kwenye bahasha ya mtoto ameivunja, na mwenyekiti ambaye hakuwahi kukagua ameivunja pamoja naye." Akamgeukia Lobke. "Nilisema maneno kuhusu wasichana. Nayafuta mbele ya hawa hawa niliowaambia."

Rutger alivua skafu yake, akaiweka mezani, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Novemba nyingine ilikuja na ukungu wake. Ukutani palibaki misumari tu. Mama yake Lobke alimtilia sweta la kijani kwenye shanta, na safari hii hapakuwa na ubishi. Wietse naye alikuja amevaa masweta mawili, Jelmer akamwuliza kama amemeza kondoo. Gari lilikuwa linanguruma nje. Babu Tjeerd alimkabidhi Lobke bahasha, isiyo na lakiri, na hakuiachia mkononi mwake mara moja.

"Fungua kwanza," alisema. "Hapa, mbele yangu. Uone kilichomo ndipo uondoke."