Michembe Mibichi ya Milembe

Kila alipotoka shule, Milembe alipanda kwenye majabali nyuma ya nyumba yao kule Nkololo kugeuza michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani. Kipande kikivunjika "ka!", kinafaa kutiwa guniani.

Wakati huo wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua mazao vijijini, na walijua kuwalalia wakulima! Bei yao ilikuwa ya kutupa. Ndipo akina mama wakaanzisha ushirika: kila nyumba ilete gunia ghalani, wauze kwa pamoja.

Siku ya kupeleka magunia, mama yake Milembe alikwenda msibani Mwamapalala. "Mingine bado mibichi," alimwagiza. "Ianike mpaka jioni, ndipo ujaze."

Lakini Joyness, rafiki yake, alikuwa akimwita wakacheze mpira wa rede. Milembe akashindilia mibichi chini, mikavu akaitandaza juu. Ghalani Mama Kashindye, mwenyekiti wa ushirika, akavunja kipande cha juu. Ka! "Hongera, mayu," akamsifu, akimwita "mama" kwa Kisukuma.

Loh! Lori la mnunuzi lilipofika baada ya wiki kadhaa, ghala lilikuwa likinuka ukungu. Magunia mawili yaliyobebana pembeni yalikuwa yameoza: la akina Milembe, na la juu yake, la mjane Nyanjige, bibi asiyeona vizuri.

"Kama ni hivi, sichukui kitu," mnunuzi akasema.

Akina mama wakamgeukia Nyanjige. "Ni macho yako, bibi. Umetuletea mibichi!"

Bibi wa watu akainama kulipapasa gunia lake. Milembe, aliyekuja na mama yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. "Jamani, si yeye! Ni mimi!" akasema huku akilia, akaeleza yote.

Mama Kashindye akambembeleza mnunuzi. Kila gunia likamwagwa na kukaguliwa hadi chini. Mazima yakapakiwa, yaliyooza yakafukiwa shimoni. Nyanjige hakuuza kitu.

Jioni Milembe na mama yake wakampelekea gunia la michembe kutoka akiba yao ya chakula.

"Nisamehe, bibi," Milembe akasema.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila ghala ni letu sote. Ukificha uozo wako mle, unamwozesha na jirani." Nyanjige akaligusa gunia aliloletewa. "Unajua, mimi ndiye niliyeomba gunia langu liwekwe juu ya lenu. Nilisema, nyumba ile naiamini."