Wekundu wa Chungwa la Protus

"Mkoba urudi. Daktari Kessler aletwe hai."

Sauti ya Kibiwott, mkuu wa idara ya upelelezi kule Nairobi, ilikwaruza ndani ya redio ya Pye. Navalayo, mpelelezi wake, alishika usukani. Alikanyaga mafuta, Land Rover ikaruka tuta.

Mbele yake Peugeot 404 nyeupe ya Kessler ilikuwa inakimbilia ndege.

Hai! Mshenzi huyo alikuwa amekula ugali wa obusuma mezani kwa Protus, kaka wa pekee wa Navalayo. Juzi asubuhi akampiga risasi ya kisogo shambani, kisha akauchoma moto mchungwa wake.

Mchungwa wenyewe haukuwa wa kawaida. Tawi lake moja lilikuwa limejibadili lenyewe, likazaa machungwa ya nyama nyekundu ndu. Wekundu ule ni urithi uliolala ndani ya mti, Protus alizoea kueleza, na baridi ya usiku ya kando ya msitu ndiyo huuamsha. Huu ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na kampuni moja ya ng'ambo ilitaka chungwa hilo liwe lake peke yake. Kessler, mtaalamu wake wa mimea, alikuwa amekata vikonyo, yaani vijiti vya matawi, vya kwenda kupandikizwa huko, akavitia mkobani.

Nairobi walitaka mkoba. Navalayo alimtaka mtu.

Huko Lubao, njiani, ilikuwa siku ya soko la ng'ombe. Peugeot ilijichomeka katikati ya kundi, ikapiga honi, ikapiga tena. Fahali wakaizunguka.

"Ng'ombe haendangi kwa honi, dada," mchuuzi mmoja alimwambia Navalayo akicheka. "Huyu mzungu atarara hapa."

Navalayo aliruka chini, bastola yake ya Walther mkononi. Kessler alifungua mlango, akainua bastola.

Risasi moja.

Bastola ya Kessler ilianguka kwenye samadi, na yeye akaanguka nayo, ameshika kiganja kilichotoboka. Navalayo alimwekea mtutu kwenye paji la uso. Kidole kilimwasha. Alitamani kuvuta, Mungu anajua alitamani.

Kwa mkono mwingine aliufungua mkoba. Vikonyo vilikuwa na miiba mirefu, na majani yake machanga yalikuwa ya zambarau.

Alicheka kicheko kibaya.

"Ulichagua zambarau ukidhani ndiyo dalili ya wekundu wa ndani ya tunda?"

Kessler aliukodolea mkoba macho.

"Hivi ni vya mlimau mkali, mti uliobeba mchungwa. Vimechipuka kwenye shina la chini, chini ya kiungo cha kupandikizia. Rangi ya jani ina urithi wake, rangi ya nyama ina wake. Majani ya mchungwa wa Protus ni kijani tupu."

"Basi mchungwa wenyewe umepotea," Kessler alinong'ona. "Niliuchoma."

"Uko katika maboma ishirini na sita. Kwetu kikonyo hakiuzwi, anayeomba hupewa. Hata wewe." Alimsogezea mkoba karibu na uso. "Ungemwomba, Protus angekukatia mwenyewe na kukufungia kwa jani la mgomba."

Uso wa Kessler ulisawijika. Aliangalia miiba, akaangalia mkono wake, kisha akafumba macho. Navalayo aliyatazama hayo yote bila haraka. Yalimshibisha kuliko risasi.

Alimfunga pingu kwenye usukani wa Peugeot, akarudi kwenye redio ya Land Rover.

"Yuko hai," alisema. "Njooni mmchukue hapa Lubao, mumfungie chumba chenye ukimya. Ana mengi ya kuwaza kabla ya kitanzi."

Akafuta samadi kwenye viatu, akapita katikati ya ng'ombe, akaenda kumzika kaka yake.