Mchanga Tumboni mwa Ngisi

Saa moja na robo asubuhi walimkuta mkaguzi wa uvuvi amekufa ndani ya chumba cha barafu cha hoteli, kajikunja nyuma ya mlango, vidole vimechubuka. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje. Kufika saa mbili, mtunza stoo, msimamizi wa chumba hicho, alikuwa ametiwa pingu.

"Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi?" inspekta aliuliza.

"Mezani kwangu, upande wa pili wa ukuta. Sikuona mtu, afande. Mashine ya barafu tu ilikuwa inagonga mno, nikaongeza sauti ya redio."

Dada yake, mpishi mkuu, aliyasikia yote kutoka jikoni. Mdogo wake huyu, hata kuku anaogopa kuchinja! Leo aozee jela?

Mnunuzi wa samaki anayeiletea hoteli alisimama kando ya sinki lililojaa ngisi, akitikisa kichwa.

"Masikini mkaguzi. Mimi jana hata sikukanyaga hapa. Ngisi hawa nimewachukua alfajiri ya leo, kwa wavuvi wa ndoano. Haya dada, changamka, wageni wanakula saa saba."

Mpishi alimshika ngisi mmoja. Wa ndoano, tena wa alfajiri, ukimgusa madoa ya ngozi bado yanacheza. Huyu alikuwa amepauka, kachunika. Alimpasua. Mchanga, mayai tele, na katikati barafu. Akazima jiko.

"Afande, njoo uguse, ndani bado wameganda; wa alfajiri hawa? Ndoano haizoi mchanga. Hawa wamekokotwa kwa wavu kwenye mazalio, na msimu umefungwa. Halafu tazama mgongoni, alama ya waya uliopinda. Shelfu yetu ya barafu hiyo!"

Inspekta alimpeleka ngisi kwenye shelfu. Alama ilikaa sawasawa.

"Jana hukukanyaga hapa, eti?"

Mnunuzi alikaa chini palepale.

"Mkaguzi aliwaona hawa ngisi. Alitaka kuninyang'anya leseni. Nikamfungia, alfajiri nikaja kuwatoa."

"Si ungewatupa baharini, mjinga wewe?" mpishi alifoka.

"Kilo arobaini nitupe? Saa saba wangeshaliwa, nani angejua?" Akafuta uso. "Aligonga saa nzima."

Inspekta alimfungua mtunza stoo pingu. Mpishi alimkumbatia mdogo wake, machozi yakimtoka kwa furaha, lakini yeye alisimama kama gogo, sikio kaegemeza kwenye ukuta wa chumba cha barafu. Upande wa pili mashine ilinguruma taratibu.

"Dada," alisema, "mbona leo haigongi?"