Bibi Marta Anaondoka Lini?

"Si hivyo, bibi. Anzia mkiani, uje kichwani," Queen alisema, akimwelekeza mgeni wao jinsi ya kuparua sato.

Bibi Marta aligeuza kisu. Magamba yakaruka hadi kwenye nywele zake nyeupe. "Sato huyu ana hasira," alisema, na Queen akacheka.

Bibi Marta alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Poland. Alipanga chumba kwa shangazi Dorotea, aliyemlea Queen, katika nyumba yao kwenye mawe ya Ilemela. Alipenda kujifunza kila kazi. Siku za kwanza alimwamkia hata Queen "shikamoo", mpaka alipoelezwa kwamba hiyo ni salamu ya kuwaamkia wakubwa.

Projest, jirani aliyesoma darasa moja na Queen, alikuwa amekaa barazani. "Bibi, Jumamosi utakuja kutuona tukicheza mpira?"

"Nitakuja! Nipo mpaka mwisho wa mwezi. Queen alinisomea mhuri wa viza." Bibi akaingia ndani kuchukua chumvi.

Queen aliinama, akajifanya anaosha kisu.

Ni kweli alimsomea. Miwani ya bibi ilitumbukia ziwani aliposhuka kwenye boti, na wiki iliyopita alimpa Queen pasipoti. "Viza yangu inafika mwisho wa mwezi, kama tiketi ya ndege, sivyo?" aliuliza. Queen aliona kwamba viza ingeisha mapema zaidi. Lakini alikumbuka siku babu yake alipowatembelea kutoka Magu, naye akamuuliza, "Babu, unaondoka lini?" Shangazi alimfinya chini ya meza. Baadaye alimwambia kwamba mgeni haulizwi hivyo, ni kama kumwonyesha mlango. Basi Queen akamjibu bibi, "Ndiyo." Na sasa tarehe yenyewe ilikuwa kesho.

Alimnong'oneza Projest yote.

"We Queen! Viza ikiisha mgeni anaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege. Bibi wa watu ahojiwe kama mwizi, na wewe umekaa unaparua samaki?"

"Nilikuwa namheshimu."

"Heshima gani hiyo ya kumtia mtu matatani?"

Queen aliweka kisu chini, akaenda kumweleza shangazi. Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo juu ya mawe. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitenge kibichi kikimchuruzika mkononi.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Bado, shangazi. Naogopa."

"Yeye ndiye wa kuambiwa. Twende, nitasimama karibu nawe."

Bibi Marta alipoambiwa, aliketi polepole kwenye kigoda.

"Ulidhani utakuwa umenifukuza?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila niliyaamini macho yako, mjukuu wangu, maana yangu yako ziwani." Akamshika mkono uliojaa magamba. "Haya, tuharakishe."

Waliwaacha sato kwenye beseni, wakapanda bajaji hadi ofisi ya Uhamiaji. Ofisa aliichunguza pasipoti.

"Mmefika viza ikiwa hai," alisema. "Mngechelewa, tungeongea mengine. Ombi la kuongeza muda nimelipokea. Imebaki barua ya mwenyeji, yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Ileteni kesho asubuhi, tumalize."

Bibi Marta alishusha pumzi ndefu. Queen naye pia.

Jioni shangazi aliketi mezani na kalamu. "Queen, mimi nilikufinya, lakini sikukueleza vya kutosha," alisema. "Kumkaribisha mgeni ni vizuri. Lakini akikuuliza jambo, mwambie lililo kweli, hata kama ni la kuondoka. Mgeni hajui njia za hapa. Ukimficha, umemwacha peke yake."

"Nimeelewa, shangazi."

Shangazi aliandika mistari kadhaa, kisha kalamu ikasimama. "Hapa panahitaji siku ya safari. Muulize."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

Queen alisogeza miguu yake mbali na meza. "Bibi... unaondoka lini?"

Bibi Marta alicheka mpaka akajifuta machozi. Shangazi akacheka pia, wala hakumfinya mtu.

Ofisi ya mtaa ilikuwa imeshafungwa. Barua, ikiwa bado haina mhuri, ikawekwa juu ya kabati. Sato waliobaki wakatiwa chumvi wakiwa bado na magamba yao, wakafunikwa mpaka kesho.