Nondo ya Ethi Kule Zarqa

Mwenye kupigilia chuma ardhini huwaomba ruhusa kwanza wale tusiowaona. Mjini Zarqa, Yordani, hata mtoto analijua hilo, ila mwenye haraka hujisahau.

Ilianza harufu. Kwenye uwanja wa kuchajia magari ya umeme wa Rudayna na mumewe Mutasim, waya wa tatu ulinuka nywele zilizolowa maji, ilhali jua limekausha kila kitu. Rudayna akamwambia shemeji yake Nawwaf, fundi wa pale. Nawwaf akamwonyesha taa ya kijani ukutani. Ile mashine aliifundisha mwenyewe: tangu uwanja ufunguliwe, siku arubaini ilisikiliza umeme wa kila waya, ikajua uzima ukoje. Umeme ukienda kombo hata chembe, inawasha nyekundu.

"Kijani ni salama, shemeji. Mashine imesomeshwa, pua yako haikusomeshwa."

Rudayna akaanza kuchungulia. Dereva mmoja akalalamika kwamba mlango wa gari umemshika, si yeye aliyeushika. Kisha Mutasim, mchomekaji wa nyaya kutwa nzima, akala mansaf, wali wa nyama ya kondoo, kwa mkono wa kushoto. Rudayna akauvuta ule wa kulia: baridi, kucha nyeusi.

"Nimeulalia tu," Mutasim akasema.

"Siku tisa umeulalia?"

Adhuhuri madereva walipokwenda kuswali, akatega sikio kwenye nguzo ya waya wa tatu, na humo ndani akasikia pumzi ikivutwa, ikivutwa bila kutolewa, kama mtu anyonyaye uboho kwenye mfupa na hataki kubakiza, hadi naye akajikuta amebana pumzi zake.

Akamleta Bi Sabha, mganga. Bibi akazunguka uwanja miguu mitupu, akasimama penye nondo ya ethi, ile inayoteremsha umeme mbaya ardhini.

"Nani alipigilia hii?" akauliza polepole.

Nawwaf akasema ni yeye, siku ya kwanza kabisa.

"Uliomba ruhusa?"

"Nilikuwa nawahi umeme uwashwe, bibi. Nimwombe nani?"

"Uliyempigilia."

Wakazima umeme, wakaing'oa. Ncha ilitoka na joto, imezongwa nywele ndefu zinazochuruzika maji. Bi Sabha akasoma dua, akanyunyiza maji ya chumvi, akaomba radhi. Nondo ikapigiliwa pengine, kwa ruhusa. Harufu ikakatika, na alasiri Mutasim akamega mkate kwa mkono wa kulia.

Waliporudisha umeme, taa ikawaka nyekundu. Nawwaf akapima waya mmoja mmoja, asione kosa. Mwisho akakaa chini, uso umempauka.

"Shemeji, mashine niliifundisha yule niliyempigilia keshaingia kwenye nyaya. Ikadhani yeye ndiye uzima. Inalia kwa sababu hayupo."

Akasema Ijumaa ikipita ataifuta na kuifundisha upya. Rudayna akamwambia asiwe na haraka. Nyekundu ile ilimtuliza moyo. Siku tatu ikawaka, magari yakachajiwa, wala hakuna aliyeshikwa.

Siku ya nne Rudayna alikuwa akimimina chai aliposikia Mutasim akiita kutoka uwanjani, sauti ya furaha: njoo uone, mke wangu, mashine imejiponya, ni kijani tupu. Birika likamponyoka. Akatoka mbio akimpigia kelele asiguse kitu, naye Mutasim akageuka kumtazama, bado anatabasamu, waya umo mkononi, na vidole haviachii.