Alama Aliyoifuta Anouar

Soko la samaki la Casablanca lilinuka shombo tangu alfajiri, lakini kilichomtia Ghizlane kichefuchefu ni mtu aliyekuwa akichagua dagaa mezani kwa Hmad muuza samaki. Anouar Belkadi, mchumba wake wa zamani, mcheza tenisi aliyestaafu miaka sita iliyopita. Amenenepa, magoti yamevimba ndani ya suruali nyeupe iliyonyooshwa pasi, na bado anajipaka manukato yale yale aliyoyatangaza enzi zake. Ghizlane alijiziba pua kwa ncha ya mtandio wake wa buluu.

"Unajiziba kwa ajili yangu au ya samaki?" Anouar akamtania.

"Samaki hawana kosa."

Hmad hakuwa na habari. Alimjazia mgeni wake kikapu, akakataa malipo, akaanza kumsimulia kila apitaye jinsi bwana huyu alivyoifuta alama. Kwenye uwanja wa udongo mwekundu mpira huacha alama, na mchezaji akiifuta kwa kiatu kabla mwamuzi hajashuka kuitazama, amekubali kwamba pointi si yake. Katika mechi ya mwisho ya Anouar, mwamuzi alitangaza kwamba mpira wa mpinzani umetoka nje. Anouar akaifuta alama, akashindwa mechi, akapewa tuzo ya uungwana.

Ghizlane alikuwa safu ya mbele siku hiyo. Aliuona mpira ukitua nje, kiganja kizima kutoka kwenye mstari. Akaamini mchumba wake amenunuliwa, na makofi yale yakamkinaisha mpaka akarudisha pete na kuacha kupokea simu zake.

"Nani alikununua?" akamuuliza sasa.

"Hakuna, ini langu," akajibu, kwa jina la mapenzi alilozoea kumwita.

"Usiniite hivyo. Mpira ulikuwa nje."

Anouar alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Ulikuwa nje. Nilikuwa nimechoka, Ghizlane. Sindano za goti, hoteli, kulala na harufu ya dawa ya kuchua. Ningeshinda, wangenikokota mwaka mwingine. Nilitaka yaishe nikuoe. Halafu wakaanza kunipigia makofi."

"Na wewe ukayapokea."

"Nikayapokea. Mpaka leo watu wananiletea watoto niwafundishe kwa sababu ya uongo ule."

Kumbe alichoka tu. Kuchoka angemsamehe siku ile ile. Lakini kula sifa zisizo zake miaka yote hiyo, hilo lilimchefua kuliko rushwa.

"Rudia," alisema. "Hmad asikie."

"Utanimaliza."

"Basi kwaheri."

Ghizlane alikwisha kugeuka pale Anouar alipoigonga meza. Akasema yote mbele ya wanunuzi: mpira ulikuwa nje, aliifuta alama makusudi ili ashindwe, na tuzo ile hakuistahili.

Hmad alimkazia macho. Akampokonya kikapu, akawamwaga dagaa mezani, maji yao yakamrukia Anouar suruali nzima.

"Mwanangu nilimpa jina lako," alisema. "Ondoka mbele ya meza yangu."

Watu walisonya, wengine wakacheka. Anouar alisimama mikono mitupu, magamba yamemganda mapajani, uso umemwiva kwa aibu. Ghizlane alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akangoja kichefuchefu kije. Hakikuja. Akaushika mkono wake uliolowa.

"Twende nyumbani ukanawe," alisema. "Unanuka."