Pampu ya Maji

Haya yalimpata rafiki yangu Torunn kule Finnmark, kaskazini mwa Norwe, alasiri ya Desemba, majira ambayo jua halichomozi kabisa, giza likiwa totoro. Hita ya gari lenye vitanda na bafu walilokodi yeye na mumewe, Sindre, ilizimika, na midomo ya kichanga chao, Iver, ikaanza kuwa ya buluu.

“Sindre! Umewasha friji kwa betri, na barafu yote hii nje?”

“Nilihofia samaki wataoza, mke wangu.”

Sindre akatoka kuifungua betri iliyoisha chaji. Torunn akamkumbatia mtoto kifuani, akilia.

Mara pampu ya maji ikavuma. Pampu ile haivumi mpaka mtu afungue bomba.

“Umeme umerudi!”

“Umerudi wapi?” Sindre alijibu kutoka nje. “Betri ninayo mikononi.”

Ndani ya bafu lililofungwa, mtu alikuwa akinawa mikono taratibu. Iver akaugeukia mlango ule, akacheka.